Kubadilishana michoro na darasa la nchi nyingine: tafadhali, msianze na bendera

Walimu wengi wanaoniuliza kuhusu urafiki wa barua kwa michoro huwa na swali moja, nitampata wapi mwenzangu wa nchi nyingine. Kiukweli hiyo ndo sehemu rahisi, mitandao ya walimu ipo, iEARN kwa mfano imekuwa ikiunganisha shule tangu 1988. Shughuli yenyewe ipo kwenye mada. Ukiwaambia watoto "haya, choreni utamaduni wetu" utapata bendera, bendera nyingine, na watu wamevaa mavazi ya sherehe ambayo mtoto mwenyewe kayaona kwenye kalenda tu. Wenzao wakipokea wanasema nzuriii, wanabandika ukutani, imeisha hiyo. Watakuuliza nini kuhusu bendera?

Mi huwa nawapa kitu kidogo cha kila siku, njia unayopita kutoka nyumbani mpaka darasani, au kilichopo chini ya kitanda chako, au mtu wa kwanza unayemwona asubuhi. Kuna mtoto alichora barabara, geti, nyuma ya geti mbwa mkubwa kuliko nyumba, halafu nyayo zake mwenyewe zinazunguka mbaaali kumkwepa. Aliyeupokea hakuhitaji kujua lugha yoyote, alijibu kwa kuchora mbwa yuleyule kalala fofofo na ngazi ndefu inayopita juu ya geti. Hiyo sasa ni barua, maana imejibiwa kilichosemwa. Mchoro wa pili lazima uguse kitu kilichomo kwenye wa kwanza, la sivyo mnatumiana zawadi tu, na zawadi hazina ubaya ila hayo si mazungumzo.

Na huyo mbwa mkubwa kuliko nyumba msimrekebishe jamani. Viktor Lowenfeld, mtaalamu wa elimu ya sanaa, alishaeleza kwenye kitabu chake cha 1947 kwamba watoto wa kama miaka 7 hadi 9 hukuza kile kilicho muhimu kwao, tena wanaweza kukuchorea nyumba ukaona mpaka waliomo ndani kana kwamba ukuta ni kioo. Mwalimu akiingilia na rula ili "kazi iende nje ikiwa safi" anafuta habari yote iliyokuwemo.

Wazo lenyewe la zamani sana. Kule Ufaransa miaka ya 1920 mwalimu Célestin Freinet aliwapa wanafunzi wake mashine ndogo ya kuchapa, wakawa wanabadilishana maandishi yao na shule ya mbali, kule Trégunc. Mtoto akijua kuna mwenzake atakayeisoma kazi yake, siyo ticha anayetoa maksi, anaifanya kivingine kabisa.

Upande wa posta, tumia karatasi za A5, zinakaa vizuri kwenye bahasha na mtoto anaimaliza kabla hajachoka. Krayoni za mafuta zinaachia rangi zikisuguana, kwa hiyo weka karatasi nyepesi katikati, na kadibodi pande zote mbili, usikunje. Barua ya kimataifa mwisho wake kilo 2, michoro ya darasa zima haifiki huko. Ila usichomekee pipi wala vitu vya kuchezea, hapo mzigo umeshakuwa bidhaa, unataka fomu za forodha na unaweza kukwama. Nyuma ya mchoro andika jina la kwanza na umri, basi, anwani iwe ya shule, ya nyumbani hapana. Na skani kila kitu kabla ya kutuma, bahasha huwa zinapotea.

Halafu oanisha darasa kwa darasa, sio mtoto kwa mtoto, idadi hazilingani na kuna atakayekaa bila jibu wakati jirani yake anacheka na lake, hiyo inauma kuliko kutoanza kabisa. Michoro ikifika watoto wachague wenyewe wa kujibu, mwalimu ahakikishe tu hakuna aliyerukwa.

Kalenda nayo iangalieni mapema. Japani mwaka wa shule unaanza Aprili, nchi nyingi za Ulaya Septemba, Australia mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Ukituma Japani katikati ya Machi, bahasha yako itafika watoto uliowalenga wameshapanda darasa na pengine mwalimu wao kabadilishwa.