Waraka fikivu wa kielektroniki ni nini?

Waraka fikivu ni ule ambao mwanafunzi mwenye ulemavu anaweza kuufungua, kuusoma na kuutumia yeye mwenyewe, wakati uleule wenzake wanapousoma. Kusomewa na rafiki wiki moja baadaye, mtihani ukiwa umekaribia, hakuhesabiki.

Mtu asiyeona hutumia programu ya kusoma skrini, kama NVDA au JAWS, inayogeuza maandishi kuwa sauti au nukta nundu. Programu hiyo haioni ukurasa. Husoma kilichomo ndani ya faili. Hapo ndipo vyuo vingi vinapokwama. Mhadhiri anaskani sura ya kitabu, anaihifadhi kama PDF na kuwatumia wanafunzi. Mwenye macho anapata kurasa 30 za maandishi. Asiyeona anapata picha 30 zisizosema lolote. Faili ya namna hiyo lazima ipitishwe kwanza kwenye programu ya kutambua herufi, kisha mtu aipitie na kuisahihisha, kwa sababu nakala iliyofifia huzaa makosa mengi.

Hata maandishi yakisomeka, mpangilio nao una kazi yake. Ukikoleza tu herufi za kichwa cha sehemu, programu hukichukulia kama aya ya kawaida. Ukitumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye Word, msomaji wa NVDA anabonyeza herufi H na kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Bila hivyo, kuitafuta sura ya tatu ya tasnifu ni kazi ya kuchosha mno, na si haki kumbebesha mwanafunzi mzigo huo.

Picha nazo huhitaji maelezo mbadala, yaani maandishi yanayoeleza kilichomo kwenye picha. Kuandika "grafu" hakutoshi. Eleza kwamba mstari unapanda kwa miaka minne kisha unashuka ghafla, kwani hilo ndilo somo lenyewe. Kwa wenye uoni hafifu, WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, unataka utofauti wa mwangaza kati ya rangi ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake usipungue 4.5 kwa 1. Video ziwe na manukuu kwa ajili ya viziwi.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, katika ibara ya 24, unazitaka nchi wanachama zihakikishe elimu ya juu inapatikana bila ubaguzi. Word ina kikaguzi cha ufikivu kinachoonyesha picha isiyo na maelezo. Kama maelezo yaliyowekwa yanaeleweka, hilo mwandishi alikague mwenyewe kabla ya kutuma.