Si kila aliyekimbia vita amechanganyikiwa

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kuanzia 2015 Warundi nao wakamiminika humo. Wako wanaosema kuwa watu waliopita vitani wote wana wazimu. Si kweli, na neno hilo linawaumiza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika maeneo yaliyokumbwa na vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili, na mengi ni sonona na wasiwasi. Wengine wanakosa usingizi, wanalia, wanashtuka. Hayo ni majonzi ya binadamu yeyote aliyezika wapendwa wake njiani.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: katika kliniki za akili za kambini, wagonjwa wengi huwa na kifafa. Kifafa si mapepo wala hakiambukizi, ni ugonjwa wa ubongo. Vidonge vya fenobabitali, ambavyo ni bei nafuu, huzuia degedege kwa wagonjwa wengi, mradi visikatizwe. Mhudumu wa kawaida wa zahanati akifunzwa anaweza kuvitoa, bila kumsubiri daktari bingwa.