Treni chini ya mji? Muulize udongo kwanza

Mpwa wangu ni makanga wa matatu za Njoro. Wiki jana, tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Kenyatta Avenue hapa Nakuru, alinigeukia: "Mjomba, nyinyi mainjinia mbona hamtuchimbii treni ya chini kama ya London?" Nikamwambia apite kazini kwangu. Kazi yangu ni kupima udongo kabla mjengo haujaanza.

Alipofika nilimpa kioo, maji na bonge la udongo. Kipimo chenyewe ni cha kizamani: unaviringisha udongo kwa kiganja juu ya kioo mpaka uwe uzi wa unene wa milimita 3. Udongo wa mfinyanzi hurefuka bila taabu, kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Udongo wetu wa hapa mjini, ambao sehemu kubwa ni majivu na changarawe za volkeno, ulimkatikia mikononi kabla hajafika popote. Ukabaki makombo, kama ugali uliokosa maji.

London imekalia tabaka nene la mfinyanzi mzito usiopitisha maji. Ukiuchimba, unasimama kwa muda bila kubomoka, na fundi anapata nafasi ya kujengea nyuma yake.

Ila treni ya kwanza ya chini haikuuhitaji sana mfinyanzi huo. Ilifunguliwa 10 Januari 1863, kutoka Paddington hadi Farringdon, kama kilomita 6 hivi, na ilijengwa jinsi tunavyolaza bomba la majitaka: pasua barabara, chimba mtaro, jenga kuta za matofali, funika kwa tao, rudisha barabara juu. Ilifuata barabara kwa sababu kupita chini ya nyumba za watu kulimaanisha fidia. Wakili Charles Pearson, aliyeipigania kwa miaka mingi, alifariki Septemba 1862, miezi michache tu kabla ya kuiona ikitembea. Juni mwaka huohuo bomba kubwa lililobeba maji machafu ya mto Fleet lilikuwa limepasuka na kufurika ndani ya machimbo. Nikisoma habari hiyo huwa nacheka kwa uchungu. Mimi pia niliwahi kuamka asubuhi baada ya mvua ya usiku na kukuta mtaro wangu wa mita tatu umegeuka kidimbwi, mbao za kuzuia kuta zikielea. Shukuru Mungu hakukuwa na mtu ndani.

Tatizo lililowasumbua zaidi lilikuwa moshi. Treni zilivutwa na injini za mvuke, chini huko, na abiria wakikohoa. Ikabidi waache sehemu wazi njiani ili injini zipumue. Mtaa mmoja wa kifahari, Leinster Gardens, haukutaka shimo la moshi lionekane, basi wakajenga ukuta wa mbele wa nyumba mbili, namba 23 na 24, wenye nguzo, milango na madirisha ya kupakwa rangi. Hakuna nyumba nyuma yake, ni reli tu. Ukuta huo upo mpaka leo.

Kwenda chini zaidi kulihitaji ngao, yaani fremu ya kuwakinga wachimbaji wasifukiwe. Injinia Marc Brunel alipata wazo la ngao hiyo kwa kiumbe wa baharini anayetoboa mbao za meli: gamba la kichwani linakwangua, na nyuma yake anapaka ukuta mgumu ili tundu lisimbane. Brunel akatengeneza fremu ya chuma yenye vyumba 36, kila kimoja na mchimbaji wake, ikisukumwa mbele huku waashi wakijenga matofali nyuma. Handaki lake chini ya mto Thames lilianza 1825 na kufunguliwa 1843, baada ya mafuriko na vifo. Injinia mwingine, James Greathead, baadaye akaifanya ngao iwe ya mviringo, na ukuta wa nyuma ukawa wa vipande vya chuma. Mwaka 1890 reli ya kina kirefu ikafunguliwa London, safari hii kwa stima, yaani umeme, si mvuke. Mabehewa yake yalikuwa na vidirisha vidogo vya juu tu, maana waliona gizani hakuna cha kutazama, kwa hiyo wahudumu walitangaza kila kituo kwa sauti. Hapo mpwa wangu akatabasamu. "Makanga!"

Baada ya hapo miji ikafuatana: Budapest 1896, Paris 1900, New York 1904, Moscow 1935. Afrika ilianza na Cairo mwaka 1987, na mstari wake wa pili unapita chini ya Nile.

Kwa hiyo si kwamba Kenya haijui kuchimba. Maji ya kituo cha umeme cha Sondu Miriu, huku kwetu magharibi, hupita kwenye handaki la zaidi ya kilomita 6. Lakini huko walipita ndani ya mwamba, na juu hakuna ghorofa wala bomba la mtu. Nakuru ina majivu yanayokatika kiganjani, na masika ardhi ya upande wa magharibi wa mji hufungua mipasuko. Mashine za leo zingeweza, ndiyo. Bei yake sitaki hata kuitaja mbele ya mlipa kodi.

"Basi wapeni Kisumu," akasema. Nilikuwa na sampuli ya udongo mweusi wa Kano, tambarare iliyo karibu na Kisumu. Akauviringisha, ukatoka uzi mrefu, laini, wa milimita 3 kamili. Akanitazama kama aliyeshinda kesi. Nikachukua kiasi kidogo, nikausaga ukiwa mkavu, nikaujaza mpaka alama ya 10 kwenye kipimo cha kioo, nikamimina maji na kumwambia arudi kesho.

Kesho yake ulikuwa umevimba mpaka alama ya 17. Udongo unaovimba hivyo ungeminya kuta za handaki.