Darasa la wazazi watarajiwa: kichwa kikiuma usingoje kupambazuke

Darasa hili ni la nini?

Ni mafunzo ya siku ya kliniki. Wajawazito na waume zao hukaa na nesi wakazungumzia mimba, kujifungua, kunyonyesha na kumtunza mtoto mchanga. Uliza kituo chako hufanya siku gani.

Nianze lini?

Kabla ya wiki 12. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio 8 ya kliniki, lakini hapa Kisumu bado tunapokea mama wa mimba ya miezi saba akija kwa mara ya kwanza. Huyo hatujui presha yake ya kawaida ilikuwa ngapi.

Mbona kila darasa ni presha, presha?

Kwa sababu akina mama bado wanaletwa wakiwa tayari na degedege. Presha ya mimba hupanda baada ya wiki 20, hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kuugua presha. Ikifika 140/90 tunaanza kuwa na wasiwasi. Ikiachwa, huweza kuleta kifafa cha mimba, yaani degedege hiyo.

Kichwa kinaniuma sana. Si ni malaria tu?

Kando ya ziwa malaria ni nyingi, basi kila kichwa kinachouma hupewa jina hilo. Mama anatumwa duka la dawa, anarudi na vidonge vya maumivu kwenye karatasi, anaambiwa alale. Tafadhali acheni! Kichwa kikali kisichotulia, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Malaria itapimwa huko huko, pamoja na presha na mkojo.

Shangazi anasema kuvimba ni dalili ya mtoto mkubwa.

Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Pete iliyotoka vizuri wiki jana na leo imekwama kidoleni, au uso uliojaa asubuhi, hiyo ni presha mpaka ipimwe.

Ni usiku. Tungoje asubuhi?

Hapana.

Mume yuko Nairobi, na mama mkwe anataka kwanza tumpigie simu.

Hapana! Mpigie ukiwa njiani. Hospitalini kuna sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege na dawa za kushusha presha, nyumbani hakuna. Ndiyo sababu tunamtaka baba darasani, aseme mbele ya mkewe kwamba aende bila kungoja ruhusa. Wakubaliane pia nauli inawekwa wapi, jirani yupi atabaki na watoto, na ni nani mwenye gari atakayekubali kuamshwa. Anayetoka Nyalenda, mtaa wa hapa mjini, hufika upesi. Kwa anayetoka mbali, ndani ya Nyakach, usiku, gari lisilopangwa mapema halipatikani.

Degedege ikishaanza?

Mlazeni ubavu. Msimtie kijiko wala chochote mdomoni, msimpakie kwenye boda, na msianzie kwa mganga. Maombi yafanyike garini.

Nimeshajifungua. Hatari imekwisha?

Bado. Kifafa hiki huweza kuanza baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo. Mzazi akilalamika kichwa siku ya tatu, msimpe uji mkamwambia ni uchovu. Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo, na mtoto aende naye anyonye.