Saa ya PABX yako inaanza kuhesabu lini?

Wengi wanaoniita niwafungie mfumo wa kunasa kumbukumbu za simu ofisini wana lalamiko moja: ripoti ya PABX, yaani mtambo unaounganisha simu za ndani ya ofisi na laini za nje, haifanani na bili ya kampuni ya simu. Mhasibu anashuku bili, meneja anashuku wafanyakazi. Mimi huanza kwa kukagua laini.

Kunasa kwenyewe si kazi kubwa. Simu ikikatika, PABX hutoa mstari wa maandishi: tarehe, saa, namba ya ndani, laini iliyotumika, namba iliyopigwa, muda. Sauti haimo. Panasonic KX-TDA huutoa kwa kebo ya RS-232C, au kwa mtandao kupitia poti 2300. Asterisk, PABX ya programu ya kompyuta, huuandika yenyewe kwenye faili la Master.csv. Cisco CUCM, mfumo wa simu wa kampuni ya Cisco, hutoka kiwandani huduma hii ikiwa imezimwa, kwa hiyo uiwashe kwanza. Mistari ipokelewe na kompyuta isiyozimwa, ihifadhiwe kama ilivyo kabla programu ya ripoti haijaigusa. Ukitegemea kompyuta ya mapokezi inayozimwa jioni, simu za usiku, ambazo pengine ndizo ulizozitafuta, zinaweza kukupita.

Ugumu uko kwenye muda. Kwenye laini ya SIP, yaani ile inayopita kwenye mtandao wa intaneti, simu ikipokelewa upande wa pili hutuma ujumbe wa 200 OK, na hapo ndipo maongezi huanza kuhesabiwa. Ndiyo maana Asterisk ina safu mbili: duration, tangu simu ilipoanza, na billsec, tangu ilipopokelewa. Simu ikiita sekunde 20 kisha watu wakaongea sekunde 40, utaona 60 na 40. Ukikokotoa gharama, jumlisha billsec.

Laini ya analogi, ile ya nyaya mbili za shaba, haina ujumbe huo. PABX ikishamaliza kutuma tarakimu haijui kama mtu amepokea au simu inaita kwenye chumba kitupu. Asterisk, isipoelekezwa vingine, huichukulia kuwa imepokelewa. Ndiyo maana unakuta ANSWERED (imepokelewa) hata kwa simu ambayo hakuna aliyeinyanyua.

Dawa ni kampuni ya simu kugeuza polariti ya laini, yaani kubadilishana chanya na hasi kwenye nyaya mbili, pale simu inapopokelewa. Pima hivi: weka multimita kwenye volti za DC, gusisha ncha zake kwenye nyaya mbili za laini, kisha kwa laini hiyo piga namba ya simu yako ya mkononi. Laini ikiwa haitumiki husoma karibu volti 48. Ukinyanyua hushuka hadi volti chache. Sasa pokea simu ya mkononi huku ukitazama kioo. Alama ya kutoa ikitokea au ikitoweka, huduma ipo; weka answeronpolarityswitch=yes kwenye chan_dahdi.conf. Isipobadilika, iombe kwa kampuni yako ya simu, au hamia SIP.

Kabla ya hapo, muda wa simu zinazotoka kwenye laini za analogi ni makadirio tu, na mwambie mhasibu hivyo waziwazi. Sikubali kabisa mfanyakazi akatwe mshahara kwa namba hizo.