Anatomia haijaisha: kwa wanaotaka kuomba uzamili

Wiki iliyopita alikuja tena kijana ofisini, ana digrii nzuri ya kwanza, na kabla hata hajatoa vyeti kwenye bahasha akauliza: "Mwalimu, hivi kwenye anatomia kumebaki nini cha kutafiti? Si mwili ni uleule tangu Adamu?" Swali hili nalisikia kila msimu wa maombi, na nimechoka kulijibu kwa mmojammoja.

Nyoosha mkono, kiganja kiangalie juu. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo. Huenda katikati ya kifundo ikainuka kano kama kamba. Hiyo ni ya msuli uitwao palmaris longus. Wapo waliozaliwa bila msuli huo na hawajui, maana mkono unafanya kazi vilevile. Vitabu tunavyosomea, vingi vya Ulaya na Marekani, huandika kwamba wasio nao ni kama 15% ya watu. Utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa 2011 ulipata chini ya 5%. Daktari wa upasuaji anayetaka kuitoa kano hiyo aitumie kurekebisha nyingine iliyokatika anahitaji hesabu ya watu walio mbele yake. Nani ataihesabu kama si sisi?

Figo nayo hivyohivyo. Mwanafunzi hukariri kwamba kila figo ina ateri moja, yaani mshipa unaoiletea damu, akapata alama zake. Ukifungua miili unakuta kama robo ya watu wana ateri ya ziada, upande mmoja au pande zote. Tangu Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ifanye upandikizaji wa figo wa kwanza nchini Tanzania mwaka 2017, jambo hili limetoka kwenye meza ya maiti likaingia chumba cha upasuaji: ateri ya ziada ikikatwa bila kujulikana, sehemu ya figo inayoitegemea inakufa.

Na anayeona hizo ni tofauti ndogondogo tu, akumbuke kwamba hadi 2015 tulifundisha kuwa ubongo hauna mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya tishu kwenye damu. Mwaka huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, na wengine wa Helsinki, Finland, waliionyesha kwenye tando zinazoufunika ubongo wa panya. Mwitaliano Paolo Mascagni alikuwa ameieleza tangu 1787, akapuuzwa. Walichofanya wale wa Virginia ni kazi ya mikono: waliukaza utando kwa dawa ungali umeshikamana na fuvu, ndipo wakaubandua mzima badala ya kuuchanachana.

Ndiyo maana nakasirika nikiambiwa kwamba kutengeneza slaidi za hadubini ni kazi ya fundi wa maabara. Tishu ikitoka kwenye formalini, dawa ya kuihifadhi isioze, hupitishwa kwenye alkoholi, kutoka 70% hadi 100%, halafu zailini inayoondoa alkoholi, halafu nta ya parafini iliyoyeyuka. Nta ikishaganda unaikata kwa mikrotomu, mashine ya kukatia vipande vyembamba, unene wa mikromita 5 (sehemu tano za elfu za milimita), vipande vinatoka vimeshikana kama utepe, unavielekeza juu ya maji ya uvuguvugu vijinyooshe. Maji yakizidi moto nta inayeyuka, tishu inatawanyika. Kisu kikiwa na pengo, kila kipande kinatoka na mchirizi mahali palepale. Asiyewahi kukata mwenyewe atauona mchirizi ule kwenye hadubini auandike kuwa ni dalili ya ugonjwa. Tasnifu ya namna hiyo nimeisoma kwa macho yangu. Wanafunzi wangu hukaa kwenye mikrotomu miezi mitatu ya mwanzo, na kila slaidi wanaichora kwa penseli. Picha ya simu inabeba kila kitu bila kuchagua. Penseli inakulazimisha uamue seli hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi.

Mengine nayapitia haraka.

Uzamili wa anatomia haukuongezei leseni ya kutibu. Anayetaka ubingwa wa wagonjwa aombe shahada ya kliniki, asije kwetu akisubiri nafasi ifunguke kule. Na si kweli kwamba hapa ni jalala la walioshindwa kule. Anayekuja kwa mawazo hayo kwa kawaida huchoka kabla ya pendekezo lake la utafiti kupita kamati ya maadili.

"Mimi napenda seli, maiti sizitaki." Utazikuta. Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, kimeweka biolojia ya seli na anatomia katika idara moja, na hakiko peke yake. Seli ya ini isiyojulikana imekaa upande gani wa mshipa wa damu haikuelezi ini linavyofanya kazi.

Tena, Marekani si lazima uwe na uzamili ndipo uombe uzamivu. Programu nyingi za sayansi za tiba hupokea wenye digrii ya kwanza, hulipa ada na kutoa posho. Kinachowaangusha wengi ni barua. Usimwandikie profesa kwamba una shauku kubwa ya sayansi. Soma makala yake mbili, mwambie kipande gani cha matokeo yake hukukielewa, na ungekipimaje. Barua isizidi ukurasa mmoja, na nakala ya rasimu niletee kabla hujaituma.