Milimita mbili zilizokula betri ya ThinkPad

Chukua laptopu ya Lenovo, ThinkPad T480 ya mwaka 2018, na T490 iliyoifuata mwaka 2019, uziweke mezani zikiwa zimefungwa. Ya kwanza ina unene wa milimita 19.95, ya pili 17.9. Tofauti ni unene wa sarafu, lakini humo ndimo ilimoyeyukia betri ya kuchomoa pamoja na sloti moja ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

T480 ina betri mbili. Ya nyuma unaichomoa kwa vidole huku mashine inawaka, kwa kuwa ya ndani inashika zamu. RAM zake zinakaa kwenye sloti mbili. Kwenye T490 betri ni moja, imefungiwa ndani, na sehemu ya RAM imechomelewa kwenye madabodi (bodi kuu ya saketi), ikabaki sloti moja tu. RAM ya sloti ikifa unanunua nyingine na kuipachika mwenyewe. Iliyochomelewa ikifa, unatafuta madabodi nzima, au fundi mwenye mashine ya hewa ya moto na mkono usiotetemeka.

Watu husema kampuni zinafanya hivi kwa uchoyo. Mimi naona hesabu ni rahisi zaidi ya hapo: angalia nani anamlipa fundi. Mtengenezaji akiiuzia benki maelfu ya laptopu pamoja na mkataba wa miaka mitatu wa fundi kuja ofisini, kila dakika ya fundi huyo inatoka mfukoni mwake mwenyewe. Ndiyo maana ThinkPad, Latitude ya Dell na EliteBook ya HP hufunguka kwa skrubu, na vitabu vyake vya matengenezo viko wazi mtandaoni, hatua kwa hatua. Laptopu ya nyumbani yenye waranti ya mwaka mmoja haina msukumo huo. Ikivunjika mwezi wa 14, gharama ni ya mnunuzi.

T490 inaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Betri ya ndani inaimaliza miaka mitatu ya mkataba bila shida kubwa, na RAM ni nadra kufa. Kwa mwenye mashine wa kwanza hakuna kilichopotea. Anayeumia ni wa pili, yule anayeinunua Kariakoo au Nairobi ikiwa mtumba, waranti imeshaisha.

Wembamba wenyewe ulianza kuuza kabla ya hapo. MacBook Air ya 2008 ilitoka kwa dola 1,799, RAM ikiwa imechomelewa tayari. Mwaka 2011 Intel, mtengenezaji wa chipu, ikaja na Ultrabook, jina la kundi la laptopu nyembamba, ikiwasukuma watengenezaji waufikie wembamba wa namna hiyo kwa bei isiyozidi dola 1,000. Bei ikishuka na unene ukishuka, kuna kitu lazima kiachwe, na huachwa kile ambacho mteja hakioni dukani.

Mara nyingine bili humrudia mtengenezaji. Kibodi ya kipepeo (jina linatokana na umbo la kifaa kinachoshika kitufe) ambayo Apple iliianza kwenye MacBook ya 2015 ilikuwa na vitufe vinavyoshuka karibu nusu milimita tu. Punje ya vumbi ikiingia chini, kitufe kinakwama au kinaandika herufi mara mbili. Kibodi hiyo imefungwa kwa ribiti kwenye bamba la juu, na betri imegandishwa kwa gundi kwenye bamba hilohilo, kwa hiyo herufi moja ikikataa, mara nyingi kinabadilishwa kipande chote, betri ikiwemo. Juni 2018 Apple ilitangaza matengenezo ya bure kwa miaka minne tangu kununuliwa. Mwaka 2019 ikaanza kurudi kwenye kibodi ya mkasi, mtindo wake wa awali, na mwaka 2022 ikakubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi ya wateja.

Kwenye laptopu za bei nafuu, ugonjwa ninaouona kuwa wa kijinga kuliko yote ni bawaba. Bawaba ni chuma, na hukazwa sana ili skrini isilegee. Skrubu zake, lakini, zinaingia kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa kwa joto ndani ya vijiti vya plastiki. Grisi ikikauka, bawaba inakaza zaidi, na nguvu yote ya kufungua kifuniko inakwenda kung'oa nati hizo. Dalili ya kwanza ni ufa mdogo pembeni, juu ya bawaba, unaotanuka skrini ikiinuliwa. Ukiuona, acha kutumia kifuniko. Fungua mfuniko wa chini, chomoa betri, legeza nati iliyo kwenye mhimili wa bawaba kwa robo mzunguko, kisha jaribu. Nati za shaba zikiwa zimeshang'oka, zirudishe kwa epoksi ya mirija miwili, kiasi sawa kwa sawa, na usikaze skrubu kabla ya saa 24. Gundi ya haraka haifai hapa. Inapasuka upesi.

T480 nayo si malaika. Inachajiwa kwa USB-C pekee, na tundu hizo zimechomelewa kwenye madabodi. Tena programu ya ndani ya Thunderbolt, tundu la USB-C lenye kasi zaidi, ilikuwa na kasoro ya kuandika kwenye chipu yake hadi ikajaa, tundu likaacha kuchaji. Lenovo ilitoa sasisho. Kabla ya kulipa, chaji kwenye tundu zote mbili, chezesha waya kidogo uone kama chaji inakatika, halafu uliza kama sasisho hilo limewekwa. Na kabla ya kuifungua, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa kubonyeza F1 inapowaka, kwenye Config kisha Power, uizime betri ya ndani. Wengi huchomoa ile ya nyuma tu, wakasahau kwamba umeme bado upo.

Mwaka 2024 ThinkPad T14 Gen 5 ilirudi na sloti mbili za RAM. Betri ya kuchomoa kwa vidole haikurudi.